Bandari Iliyozikwa na Mto

Msomaji, ikiwa umepata kusimama ufuoni Malindi siku za masika, bila shaka umeliona jambo hili: bahari ambayo jana ilikuwa ya buluu leo imegeuka rangi, na wimbi livunjikalo mchangani ni jekundu kama maji yaliyooshewa jembe. Rangi hiyo haikutoka baharini. Imeletwa na mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana, na juu zaidi huitwa Athi. Mto huo umeuokota udongo katika mashamba na malisho ya bara, ukasafiri nao mamia ya kilomita, na ulipofika baharini ukachoka, ukautua. Kwa sababu hiyo ufuo ulio mbele ya mji umesogea kuelekea baharini, na mahali palipokuwa maji zamani leo pana mchanga mkavu.

Malindi ingali hai. Lakini ulikuwako zamani mji mmoja, mkubwa kuliko miji yote ya jirani zake, ambao udongo wa namna hiyo hiyo uliukaba koo hata ukafa. Jina lake ni Efeso. Waliosoma Matendo ya Mitume watalikumbuka, maana ndiko mafundi wa fedha walikofanya ghasia juu ya Mtume Paulo, umati wa watu ukakimbilia katika ukumbi mkubwa wa michezo na kupiga kelele kwa muda wa saa mbili. Ukumbi ule wa mawe, uliokuwa na nafasi ya kukaa watu wapatao 24,000, ungaliko katika pwani ya magharibi ya nchi ya Uturuki. Ukipanda ngazi zake mpaka juu na kutazama upande wa magharibi, utaona barabara pana iliyotandikwa mawe ya marumaru ikinyoka mbele yako, kama barabara iendayo gatini. Na kweli ilikuwa yaenda gatini. Lakini mwishoni mwake leo hapana gati wala maji ya chumvi. Pana kinamasi na matete, na baada ya matete mashamba, na bahari yenyewe iko mbali, kiasi cha kilomita 5 au 6.

Bahari ilikwenda wapi? Haikwenda popote; nchi ndiyo iliyoifuata. Na watu wa Efeso walishindana na jambo hilo kwa muda wa zaidi ya miaka elfu, wakitumia fedha, nguvu na akili nyingi, na safari nyingine wakitumia akili ambayo afadhali wasingaliitumia. Habari za mashindano hayo ndizo nitakazokusimulia.

Kwanza yafaa ujue kwa nini bandari ilikuwa na thamani kubwa namna ile. Efeso ilijengwa na Wayunani mahali ambapo mto uitwao Cayster ulikutana na bahari ya Aegean. Bonde la mto lilikuwa kama mlango wa bara, na kutoka hapo njia kuu ilikwenda mashariki mpaka ndani kabisa ya nchi. Strabo, bingwa wa elimu ya nchi na bahari, aliyezaliwa yapata mwaka 64 kabla ya Kristo (K.K.), aliandika kwamba Efeso ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya Asia upande wa huku wa milima ya Taurus, na kwamba ilizidi kukua kila siku. Hapo zilipita divai na mafuta ya zeituni, sufu, mbao, marumaru, na ngano ya Misri. Watumwa nao walinunuliwa na kuuzwa hapo kama bidhaa nyingine, na sisi tulio watu wa pwani hii hatuna haja ya kuelezwa maana yake. Kumbuka kwamba siku zile mzigo mzito haukuwa na njia nafuu ila maji. Gari la ng'ombe lilikwenda polepole, na ng'ombe walitaka kulishwa kila siku; upepo haulishwi. Mji uliokuwa na kilindi cha kutosha merikebu kubwa ulikula ngano ya mbali kwa bei ndogo na kuuza vitu vyake mbali kwa bei kubwa. Mji uliokipoteza kilindi hicho ulirudi kuwa kijiji, hata kama nguzo zake zilikuwa za marumaru.

Sasa utazame mto. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 100, nao hushuka katikati ya milima. Zamani milima ile ilikuwa na misitu. Watu wakaikata wapate kuni, makaa, mbao za nyumba na mbao za merikebu, wakalima miteremko, wakaachia mbuzi. Mvua ilipokuja haikukuta mizizi ya kuushika udongo, ikauchukua. Maji yaendayo kasi yaweza kubeba hata kokoto, lakini yapungukiwapo na mwendo huanza kutua mzigo wake, kwanza kokoto, halafu mchanga, na mwisho kabisa ule udongo laini kama unga. Unga huo ndio ufikao baharini, na ukikutana na maji ya chumvi hugandamana, ukazama.

Kwetu Mombasa bahari hujua kujifagia. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yanapotoka hutoka kwa nguvu na kuchukua mengi. Lakini katika bahari ya Mediterania na Aegean kujaa na kupwa ni kudogo hata mgeni aweza kukaa kutwa nzima ufuoni asitambue kama maji yamejaa au yamekupwa. Kwa hiyo kilichotuliwa hapo na mto, aghalabu hukaa.

Mwanzoni watu wa Efeso waliishi kwa kuifuata bahari. Hekalu lao maarufu la Artemi, lililohesabiwa kuwa moja katika maajabu saba ya dunia, lilikuwa karibu na maji. Mrumi mmoja aitwaye Plinio aliandika kwamba bahari ilikuwa ikilifikia hekalu lile katika nyakati za kale. Lakini kufika mwaka 300 K.K. au karibu na hapo pwani ilikuwa imekwisha sogea, na mji uliolizunguka hekalu ulikaa mahali pa chini penye hatari ya mafuriko. Mfalme aliyetawala, jina lake Lysimachus, akaamua kuuhamisha mji mzima kwenye mahali papya katikati ya vilima viwili, penye bandari nzuri. Wenyeji wakakataa. Nani apenda kuacha nyumba ya baba yake kwa sababu mfalme amesema? Strabo asimulia kwamba Lysimachus hakubishana nao. Alingoja mvua kubwa inyeshe, kisha akaamuru mifereji ya maji machafu izibwe. Mji ukafurika, na wenyeji wakahama kwa hiari yao, kama ikiwa hiyo ni hiari. Akauita mji mpya Arsinoeia, jina la mkewe, lakini alipokwisha kufa watu walirudia kuuita Efeso. Mji huo wa Lysimachus ndio ambao mawe yake wageni huenda kuyatazama hivi leo.

Bandari mpya ilikuwa nzuri, lakini mto ulikuwa ule ule. Baada ya karne moja na nusu hivi mahali pengine ndani ya bandari pakawa na maji haba, na merikebu kubwa za shehena zikaanza kupata taabu. Wakati huo nchi ilitawaliwa na wafalme wa Pergamon, na mfalme alikuwa Attalus wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 159 mpaka 138 K.K. Attalus hakuwa mjinga, wala wahandisi wake hawakuwa wajinga. Waliitazama bandari wakaona kwamba mdomo wake ni mpana mno, wakafikiri hivi: tukiupunguza upana wa mdomo kwa kujenga ukuta wa mawe majini, kina kitaongezeka, langoni na ndani pia, na merikebu kubwa zitaingia. Mawe yakaletwa, ukuta ukajengwa.

Yaliyotokea yalikuwa kinyume. Ule mdomo mpana waliouona kuwa kasoro ndio uliokuwa ukiiponya bandari. Kwa njia yake maji ya bahari yaliingia na kutoka, na ingawa mwendo wake ulikuwa mdogo, yalichukua sehemu ya tope na kuitupa nje. Ukuta ulipozuia mwendo huo, tope likabaki ndani kama mgeni aliyefungiwa mlango. Bandari yote ikapungua kina, kutoka gatini mpaka mdomoni. Strabo aliyasimulia hayo bila kumcheka mfalme, nami sioni sababu ya kumcheka. Alitumia fedha zake kwa ajili ya haja ya watu, na kosa lake lilitokana na kuitazama bandari peke yake, kama tundu la maji lililosimama. Hakuitazama pamoja na mto uingiao na bahari itokayo.

Mwaka 133 K.K. ufalme wa Pergamon uliingia mikononi mwa Warumi kwa wasia wa mfalme wake wa mwisho, na baadaye Efeso ikawa makao ya liwali wa jimbo la Asia. Utajiri wake ukazidi. Na taabu ya bandari ikazidi pia, maana kadiri biashara ilivyokua ndivyo mashamba ya juu ya mto yalivyopanuka, na udongo nao ukaongezeka.

Mmoja katika maliwali hao alikuwa Barea Soranus, katika enzi ya Kaisari Nero. Mtu huyu alifanya kazi ya kuifungua bandari ya Efeso kwa bidii na haki, hata wenyeji wakampenda. Ungedhani kwamba kazi hiyo ingempatia heshima huko Roma. Lakini mtawala mwenye wivu hutia shaka kila sifa isiyokuwa yake. Tacitus, mwandishi wa tarikhi za Warumi, ataja shughuli ile ya bandari miongoni mwa mambo yaliyozidisha hasira ya Nero. Mwaka 66 Soranus alishtakiwa kwamba alikuwa rafiki wa mtu aliyechukiwa na Kaisari, na kwamba alijipendekeza kwa watu wa jimbo ili wamfuate katika uasi. Binti yake Servilia, msichana ambaye hakutimiza miaka 20, akashtakiwa pamoja naye kwa kuwa aliuza mapambo yake awalipe waaguzi, apate kujua kama baba yake atasalimika. Wote wawili walihukumiwa kufa. Haruhusiwi mwanafunzi wa historia kusema kwamba tope la mto Cayster ndilo lililomwua Soranus. Lakini ni kweli kwamba mtu aliyejaribu kuliondoa alichongewa kwa sababu hiyo hiyo.

Kaisari Hadrian, aliyekuwa msafiri mkubwa, aliuzuru mji na kujionea mwenyewe. Yako maandishi ya mwaka 129 yaliyochongwa katika jiwe, ambayo kwayo baraza na watu wa Efeso walimshukuru kwa sababu aliwapa ngano ya Misri, akazifanya bandari zipitike, na kuugeuza mto Cayster uliokuwa ukiziharibu. Hadrian, tofauti na Attalus, alianza na chanzo cha maradhi. Iwapo mto ndio uletao udongo, basi mto uelekezwe kwingine! Shauri lake lilikuwa jema, na huenda liliongeza maisha ya bandari kwa muda mrefu. Lakini mto uliogeuzwa hupata mahali pengine pa kumwaga, na mahali pale palikuwa karibu. Delta ikaendelea kukua nje ya bandari, na njia ya merikebu kutoka bahari kuu ikawa ndefu zaidi na nyembamba zaidi.

Katika karne ile ile ya pili liwali mwingine, Lucius Antonius Albus, alitoa amri ambayo mimi naipenda kuliko majengo yote ya Efeso, maana humo twawasikia watu wa kawaida wakifanya kazi zao. Liwali alipata habari kwamba waletao mbao na mawe hutua mizigo yao penye kingo za bandari na kupasulia mawe papo hapo. Basi akakataza. Mbao, alisema, zaziharibu nguzo na kuta za gati kwa uzito wake. Na wapasuaji wa mawe wafanya madhara mabaya zaidi, kwa kuwa ule mchanga mgumu watumiao chini ya misumeno yao hutiririka majini, ukakijaza kina na kuuzuia mwendo wa maji. Unawaona? Fundi hana nia mbaya. Ana jiwe zito, liko hapo hapo liliposhushwa, na kulichukua mpaka karakana ni taabu na gharama. Heri alipasue hapa. Konzi moja ya mchanga haiwezi kuziba bandari. Lakini mafundi walikuwa wengi, na miaka ilikuwa mingi. Na bado walionekana, wakaweza kukatazwa. Mkulima aliyekata mti wake wa mwisho kilomita 80 huko juu hakuonekana na liwali yeyote, wala yeye hakupata kuiona bandari.

Mwaka 262 Wagothi walikuja kwa merikebu wakauteka mji. Matetemeko ya ardhi nayo yalikuwa yakibomoa. Hata hivyo Efeso ilijengwa tena, na katika enzi ya Kaisari Arcadius, tangu mwaka 395 mpaka 408, ile barabara ya gatini ilitengenezwa upya ikaitwa kwa jina lake. Upana wake ni mita 11, na urefu wake zaidi ya mita 500. Maandishi ya mawe yataja taa 50 katika barabara hiyo, jambo la fahari katika zamani zile ambapo miji mingi usiku ilikuwa giza tupu. Mwaka 431, maaskofu walipokutana Efeso katika mtaguso mkuu wa kanisa, Cyril wa Aleksandria na wenzake kutoka Misri walifika kwa njia ya bahari.

Lakini merikebu zilizoingia sasa zilipita katika mfereji mrefu, nchi ikiwa kulia na kushoto, na mfereji huo ulitaka kuchimbwa na kuzolewa daima. Kazi ya namna hii ni kama kuteka maji kwa pakacha: ukiacha siku moja, jana yako yote imepotea. Ilipokuwako hazina tajiri na serikali yenye nguvu, kazi iliwezekana. Hazina ilipopungukiwa, tope halikungoja. Maji yaliyozuiliwa yakawa vinamasi, vinamasi vikaleta mbu, na mbu wakaleta homa, na hapana shaka kwamba homa ilisaidia kuwafukuza watu. Kidogo kidogo wenyeji wakahamia kilima cha Ayasuluk, kilicho karibu na hekalu la kale, mahali panapoitwa Selçuk leo. Yaani walirudi karibu pale pale walipotolewa na Lysimachus kwa hila ya mifereji. Gati likaachwa kwa vyura.

Kama wataka kujua mto ulifanya kazi kiasi gani, fikiri habari za Mwingereza John Turtle Wood. Yeye alikuwa akisanifu vituo vya reli katika nchi ile, na mwaka 1863 akaanza kulitafuta hekalu la Artemi. Lilikuwa na nguzo zaidi ya 100, na urefu wake ulipita mita 100. Utadhani ni kitu kisichoweza kupotea. Lakini juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote. Wood alichimba miaka, akiugua homa na kukatiwa fedha, mpaka alipopata katika ule ukumbi wa michezo maandishi yaliyoeleza njia ya maandamano ya sanamu kutoka hekaluni. Akaifuata njia hiyo, akitokea katika lango la mji, na siku ya mwisho ya Desemba mwaka 1869 majembe yakagonga sakafu ya marumaru. Ilikuwa chini ya udongo kwa kiasi cha mita 6. Ajabu ya dunia ilikuwa imefunikwa na udongo wa mashamba.

Wala Efeso haikuwa peke yake. Kusini yake ulikuwako mji wa Mileto, wenye bandari nne, ambao Paulo aliteremka hapo na kuwaita wazee wa Efeso ili awaage. Mbele ya Mileto palikuwa na kisiwa kiitwacho Lade, na katika maji yake, mwaka 494 K.K., Wayunani walipigana na Waajemi. Herodotus aliandika kwamba Wayunani walikuwa na merikebu 353. Ukienda leo kukitafuta kisiwa hicho utakwenda kwa miguu, maana Lade ni kilima kidogo katikati ya mashamba. Mto Maeander ndio uliofanya hivyo.

Na biashara, je, ilikufa pamoja na bandari? Hata kidogo. Biashara haina kaburi. Ilihamia bandari nyingine za pwani ile ile, na tangu karne ya 17 sehemu yake kubwa ilikusanyika Izmir, mji ulio kaskazini ya Efeso, mwisho wa ghuba ndefu. Huko nako palikuwa na mto, jina lake Gediz, nao ulikuwa umeanza kumwaga udongo wake ndani ya ghuba na kulibana lango la meli. Watu wa Izmir waliona yaliyowapata jirani zao, kwani magofu ya Efeso hayako mbali. Mwaka 1886 mto Gediz ulitolewa katika mkondo wake, ukarudishwa katika njia yake ya zamani upande wa kaskazini, uende kutua mzigo wake nje, mbali na lango. Ghuba ya Izmir bado hutaka kuchimbwa, na tope lake bado lina gharama. Lakini meli zinaingia.